Picha ya Baba Kati ya Mishumaa

Kwa Baba yangu mpendwa, Kilolo,

Kamwene, Baba. Mimi mwanao Tumaini sijambo, ni baridi ya huku Poland tu inayonionea. Mgongo unaendeleaje? Mahindi yameota? Presha ya Mama imetulia? Nauliza mengi kwa sababu kwenye simu sipewi majibu ya maana.

Barua hii nimempa Sista anayerudi Iringa, nikamwomba akupe mkononi, asimwachie mtu. Utanicheka, lakini nina sababu.

Kundi letu la ngoma lilialikwa kwenye tamasha la urafiki la kuwaenzi wazee waliopigana vita. Kila kundi la kigeni liliambiwa lilete picha ya mpiganaji mmoja wa kwao. Nikasema mimi ninaye, Baba yangu alipigana vita vya Kagera na bado yu hai. Nikamwandikia Kaka Festo akupige picha anitumie. Hata chai yangu haijapoa, ikaja: umevaa suti uliyovaa kwenye harusi yake, picha imekatwa vizuri, nyuma kweupe. Nikashukuru. Baadaye nikajiuliza, Festo ambaye kutuma picha ya ng'ombe humchukua wiki nzima, hii aliitayarishia shughuli gani?

Siku ya onyesho picha zilipangwa mbele ya jukwaa, kila moja na maua na mshumaa mwekundu. Mkalimani alisema ni heshima kwa walio hai na waliokufa, ila wenzako wa pembeni wote walikuwa marehemu. Nikiwa katikati ya wimbo nikakuona, umewekewa maua, mwanga wa mshumaa unacheza usoni mwako, na watu wameinamisha vichwa. Sauti ikakata. Wenzangu wakamalizia, ukumbi ukapiga makofi wakidhani nalia kwa heshima. Mzee mmoja mwenye medali kifua kizima akaja, akanishika mikono, akalia nami. Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Tangu hapo kila neno la Festo nalipekua. Nikipiga simu anasema, "Mzee amelala, dada." Kesho yake, "Ameenda kwenye kikao cha kanisa." Mgongo unaokuzuia kufika bombani ndio unakupeleka kwenye vikao? Jumapili nikasikia watu wengi na nyimbo nyuma yake. "Ni jumuiya tu, leo wamesali kwetu. We maliza kazi, usijitie presha." Nikaomba Mama. Mama akaniuliza kama nakula vizuri, kisha akamrudishia Festo simu.

Baba, mimi ni wa nyumba hiyo. Nakumbuka mume wa Shangazi Anna alipofariki Igowole, Shangazi akiwa Mbeya. Ni wewe uliyesema asiambiwe, asije akaanguka njiani. Aambiwe tu mume anaumwa. Akateremka kwenye basi na mfuko wa machungwa ya mgonjwa, akakuta wanawake wamekaa chini uani. Mlimficha kwa kumpenda, najua. Lakini mimi ndiye niliyempokea ule mfuko, na uso wake sijausahau.

Basi ukiipata hii, usimtume mtu. Nipigie mwenyewe, unigombeze kwa kukuweka kwenye mishumaa kabla ya wakati wako. Nitafurahi mno kugombezwa.

Msalimie Mama, mwambie nakula. Msalimie Shangazi, na mjomba wa mashine ya kusaga, na wifi yangu mke wa Festo.

Mwanao asiyepata usingizi kwa kukuwaza,
Tumaini

Festo, macho ya Baba hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo najua ni wewe unayesoma. Kama amekaa hapo mbele yako, endelea, msomee kwa sauti. Kama umefika hapa ukisoma peke yako, usiniambie anaumwa. Niandikie neno lenyewe. Nitakaa chini kwanza, ndipo nilisome.