Jogoo Aliyeondoka na Mkono wa Sweta

Baba Deodata,

Uji uko kwenye chupa. Mtoto akiamka, mnyweshe kwa kijiko, taratibu.

Nimekwenda Ngara mjini kutafuta uzi wa njano, maana asubuhi ulimfunga jogoo mguu kwa uzi wangu wa kufumia, na sweta la mtoto likiwa bado kwenye ncha ya pili ya uzi huo huo! Kakimbilia migombani, mkono mzima ukafumuka. Nawe eti, "Mama Deodata, si kamba tu?" Kamba!

~~Mchinje leo leo.~~ Usimchinje, ni wa wageni wa ubatizo.

Jioni napitia darasa la ubatizo, nitachelewa. Nakupenda hivyo hivyo. Lakini nikikosa uzi, Jumapili mwanao atabatizwa akiwa ndani ya koti lako la harusi, na padri akiuliza, utamjibu wewe.

Mama Deodata