Karatasi Iliyo Juu ya Kitanda cha Mama

Chumba namba 4, ghorofani,
Nyumba tulimozaliwa.
14 Agosti.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi. Hujambo huko, na shemeji hajambo? Mgongo wako unasemaje siku hizi? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unaniwaka, na sababu ni wewe.

Unajua sijawahi kwenda likizo. Shule ilipofunga nikasema nami nijifanye mgeni walau siku mbili, nikaja hapa. Tangu tuiuze, nyumba yetu ni hoteli ya kihistoria. Binti wa mapokezi akaniuliza, "Umewahi kufika kwetu, mama?" Kwetu! Nikamjibu, "Zamani kidogo."

Ngazi ya tatu bado inalia ukiikanyaga. Nimepewa chumba wanachokiita Chumba cha Mama, na juu ya kitanda pana karatasi kwenye fremu. Inasema mwenye nyumba aliugua humu miaka mitatu, akitazama bustani dirishani, akilishwa na mwanawe wa kiume hadi pumzi ya mwisho. Chini wameandika: kama alivyosimulia mwanawe.

Wewe, kaka? Wewe ambaye shada lako la maua lilifika tumeshazika?

Njia ya mwongo ni fupi. Mama hakuugulia humu. Miguu ilipokataa, nilimbeba mgongoni nikamshusha hadi ile stoo ya nyuma ya jiko, nimsikie akiita huku napika. Dirisha lake lilitazama ukuta. Hukulijua hilo kwa sababu hukuja.

Leo asubuhi nilimwomba mama mfagiaji anifungulie stoo. Wanaweka mashuka na ndoo. Kwenye mbao ya dirisha bado ipo alama ya duara ya kikombe chake cha chai ya moto. Nikaigusa, nikalia kama mtoto.

"Kwani umepoteza nini humu, dada?" akaniuliza.

Sitaki sifa. Kumuuguza mzazi si jambo la kutundikwa ukutani. Lakini miaka yangu mitatu umeichukua ukaivaa kama koti la kuazima, na wageni wanakusifu kwayo. Wajomba walipokusema, ni mimi niliyekutetea kwamba kazi zimekubana. Nimechoka kukutetea.

Karatasi yenyewe nimeitoa kwenye fremu, nimeikunja ndani ya barua hii. Waandikie wenye hoteli wewe mwenyewe, uwaambie ukweli. Mwezi ujao wanangu wanakuja kuiona nyumba ya bibi yao, na wao walinisaidia kumgeuza kitandani. Wasikute uongo wako umening'inia tena.

Msalimie shemeji na wanao. Shangazi anakusalimu, bado anakuita mwana mwema, nami sijamwambia kitu. Mungu akupe afya, na akupe uso wa kushika kalamu.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekuwepo.