Mama Mkwe Haniangalii, na Mifupa Yake Inaisha

Mpendwa Shangazi Anyango, naomba msaada wako, na jina langu tafadhali ulibadilishe. Mimi ni mtu wa Butere, naishi mtaa wa Mbotela hapa Nairobi na mke wangu Mwongeli, Mkamba wa Mwala, na tangu mwaka jana tunakaa pia na mama yake, Mama Nthoki, ambaye alijikwaa huko ushago, kijijini kwao, akitoka tu jikoni, akavunjika mkono, na daktari alipompima akasema ana ostioporosisi, yaani mifupa imepungua ndani kwa ndani na haina nguvu tena, kwa hivyo ale vizuri, aote jua, atembee kila siku, ameze dawa yake kila wiki, na zaidi ya yote asianguke, maana nyonga ikivunjika huenda asisimame tena.

Sasa shida, Shangazi, ni mimi. Kazi yangu ni ya uaskari wa usiku huko Industrial Area, mchana niko nyumbani, naye Mwongeli ni karani Makadara, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na hizi nyumba zetu za kanjo, za baraza la jiji, unazijua, chumba na sebule basi, Mama analala sebuleni nyuma ya pazia, na kwa mila yao, hata kwetu pia, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawagusani, hivyo mradi mimi nipo yeye hatoki nyuma ya pazia. Anashinda kitandani. Jua halioni. Dawa anaimezea hapo hapo na chai ya maziwa, kisha anajilaza, kifua kinamwaka moto, na sasa amekataa kuimeza kabisa. Majirani wanamletea supu ya mifupa ya mbuzi kutoka soko la Kiamaiko, wakimwambia itaingia kwenye mifupa yake, naye anakunywa na mgongo unazidi kupinda.

Wiki jana nilisikia kishindo bafuni, nikakimbia hadi mlangoni, nikasikia akiniita kwa jina la mtoto wetu, "Usiingie, Baba Clare. Niitie Mama Obura." Mama Obura ni jirani, na siku hiyo alikuwa ameenda sokoni. Basi yeye akakaa pale sakafuni kwenye maji, mimi nje ya mlango, nikamuuliza kama anasikia baridi, akasema kidogo tu, na tukangoja hivyo mpaka jirani akarudi. Kwa neema ya Mungu hakuvunjika.

Mwongeli alilia aliposikia, kisha akasema amechoka kusimama katikati yetu, Jumamosi anamrudisha Mwala, na huko Mama atakaa peke yake. Mimi nimejaribu kumpisha Mama, nalala mchana kwenye benchi la kinyozi, nikifika kazini nasinzia, na nimeshapewa onyo. Nimechoka, Shangazi, usingizi hauondoi uchovu huu. Nimwache aende, au nivunje mila nionekane mtu asiye na adabu?

Kweyu, Mbotela

*

Bwana Kweyu, pole. Pole kwa benchi la kinyozi na pole kwa kusimama kwenye ule mlango. Sasa nikugombeze kidogo.

Huyo mama haendi Mwala Jumamosi. Akianguka huko, nani atasikia kishindo? Mwongeli naye apumzike, lakini asimtoe mamake kwa sababu ya uchovu.

Ninyi nyote watatu mnaiogopa mila na hakuna hata mmoja aliyeenda kuiuliza. Miiko ya wakwe mara nyingi ina namna ya kulegezwa: blanketi, mbuzi, maneno ya mzee mbele ya mashahidi. Kwa kina Mwongeli inafanywaje, mimi sijui, wanajua wao. Mwongeli ampigie mjomba wake leo, amweleze alivyosema daktari na yaliyotokea bafuni, aulize wanataka nini. Mkiambiwa mbuzi, Kiamaiko hakuko mbali.

Na hiyo supu anywe akipenda, inatia joto, lakini haimjazii mifupa. Mpeni maziwa, omena, wale dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mayai, maharagwe, sukuma wiki na mchicha wa terere.

Dawa sasa. Kifua kikiwaka hivyo arudi kwa daktari kabla ya kumeza tena, na mumwambie ukweli kuhusu chai na kujilaza. Dawa nyingi za mifupa za kila wiki humezwa asubuhi kabla ya kutia chochote mdomoni, kwa gilasi nzima ya maji matupu, kisha mtu anakaa wima au anasimama nusu saa au zaidi. Ukilala nayo inaunguza koo. Tangu lini dawa ya hospitali ikamezwa bila kusoma maagizo?

Bafuni, fundi afunge chuma cha kushikia ukutani, na mtandike mpira usioteleza. Sandali zilizolika zitupwe. Taa iwake.

Akianguka tena kabla mzee wa kina Mwongeli hajajibu, usisimame nje. Chukua shuka, geuza uso, mfunike, lakini uingie. Akilia nyonga au akishindwa kusimama usimvute, mwache alivyo na uite gari la wagonjwa.

Na wewe Mama Nthoki, najua utasomewa barua hii. Mimi pia ni mkwe wa watu, heshima hiyo naijua na siichezei. Lakini nyonga ikivunjika, mama yangu, watakaokubeba na kukuvua nguo ni wanaume usiowajua hata majina, nao hawatakuuliza wewe ni mama mkwe wa nani. Wewe bado una miguu. Itumie.

Kweyu, kwa sasa lala chumbani kwako na mlango ufungwe, Mama Obura amtoe Mama nje jua likiwaka. Mzee akishasema neno lake, usingoje Mwongeli arudi kutoka kazini. Fungua mlango wa mbele, mpe Mama mkono, na kama siku ya kwanza hataushika, wewe tangulia polepole, umwache aje nyuma yako.

Shangazi Anyango