Viti vya Kwenye Simu Si vya Baba

Karakana ya Seremala,
Mlango wa tatu baada ya duka la dawa.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu zangu kwanza, maana bila salamu barua hii ingeanza vibaya. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, yule mdogo kikohozi kimemwacha? Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu sana, goti lake limepata nafuu na sasa anakwenda zahanati kwa miguu yake mwenyewe, akisimama kila kona kusemezana na watu.

Mimi pia ni mzima, ila nina hasira. Nimeona nikwambie mapema usije ukadhani mwandiko wangu umeharibika kwa uzee. Na sikupigi simu kwa sababu kwenye simu wewe husema "dada, ngoja nimalizie" mpaka salio langu linakwisha. Kwenye karatasi nitamalizia mimi. Usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka vitabu vya shule.

Nianze na haki yako. Ile orodha yako ya njia tisa za kutangaza biashara ndogo kwa gharama nafuu niliibandika karibu na dirisha, na zote nimezijaribu. Vipeperushi nilivigawa mwenyewe, jua la saa saba kichwani. Fundi viatu wa jirani alichukua bunda zima kwa heshima kubwa, nikampongeza, kumbe anavikunja na kuvijaza ndani ya viatu vya watu visipoteze umbo. Nilimnunia wiki nzima. Halafu akaja mama mmoja amebeba kipeperushi kilichokunjamana, amekitoa kwenye kiatu chake cha kulia, anataka kabati la vyombo. Basi hiyo ya kwanza nikaiwekea alama ya vema.

Uliniambia niwaombe wateja wa zamani watume picha za samani zetu zikiwa nyumbani kwao. Alijibu mmoja tu, mwalimu mkuu mstaafu. Picha yake ina paka amelala, kiti hakionekani. Nayo niliiweka kwenye ule ukurasa wa mtandaoni uliotufungulia, na watu waliipenda, ingawa sijui walimpenda nani.

Bango uliloagiza lilikuja, lina rangi nzuri, nililipachika juu ya mlango. Hapo sina neno.

Sasa nafika kwenye kiti cha mlangoni. Unakumbuka desturi ya Baba, maana umekulia juu ya viti hivyo. Kiti kikikamilika hakiuzwi siku hiyo. Kinakaa nje ya mlango wiki nzima, na yeyote apitaye anaruhusiwa kukikalia: mgonjwa anayesubiri dawa, mteja wa fundi viatu aliye na kiatu kimoja mguuni, hata askari wa zamu. Kikilia kwa kukaliwa, kinarudi ndani kurekebishwa. Wewe ukatuma ujumbe kwamba kile kiti kinafanya karakana ifanane na kituo cha basi, tukiondoe. Nikamwambia Baba. Akakibeba ndani, akakigeuzia ukutani. Ningejua maana ya hilo ningekirudisha mimi mwenyewe saa ileile.

Kila biashara hutafuta watu wa kuisemea. Baba alikuwa na kiti kinachomsemea kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kuomba hata chai, na sisi wawili wasomi tukakinyamazisha.

Sasa picha. Profesa, mdogo wangu, nani alikutuma kuokota picha za viti vya watu mtandaoni na kuzipanga kwenye ukurasa wenye jina la baba yetu? Tena ukaandika chini yake "samani zisizo na dosari". Wewe umezaliwa nyumba gani? Hujui kwamba Baba hajawahi kuuza kitu kisicho na dosari? Kila kiti, kila meza, kila kitanda, akishamaliza hukipindua na kuandika chini yake kwa penseli yake ya kazi: mguu wa nyuma kushoto una jicho la mbao, au hapa patasi iliteleza, au gundi ya upande huu niliirudia. Kisha humwonyesha mteja kabla ya kuchukua hata senti. Miaka thelathini na sita anafanya hivyo. Watu hucheka, halafu hununua, halafu huleta na dada zao.

Na mimi sijitoi. Zile picha niliziona siku ya kwanza. Nilijua si za Baba, maana Baba hajawahi kupinda mgongo wa kiti namna ile. Nikanyamaza kwa sababu simu ilianza kulia, na ilikuwa muda mrefu haijalia. Hasira yangu nusu yake ni ya kwangu mwenyewe, lakini hiyo nusu nyingine ni yako, na leo nakuletea fungu lako lote.

Jumanne alikuja mama mwenye mgahawa, yule aliyefungua karibu na mahakama. Alitaka viti vinane. Alitoa simu akamwonyesha Baba kiti kimoja cha kwenye zile picha zako, kile chenye mgongo wa mviringo na kikalio cha kusuka. Akasema amesikia kwamba mzee huwa anataja kasoro za kazi yake, basi amtajie za hiki kabla hawajapatana.

Baba alivaa miwani. Aliishika simu mbali na macho, akaisogeza, akaisogeza tena. Mimi nikadakia kwamba hicho tulikiuza mwaka jana, mzee amesahau. Ndiyo, nilisema hivyo, na nimeliandika hapa kwa mkono wangu. Baba hakunitazama. Alimrudishia yule mama simu yake.

"Siwezi kukutajia kasoro zake," alisema. "Si changu."

Mama wa watu hakututukana. Aliiweka simu kwenye mkoba, akasema atafikiria, akatoka. Afadhali angetutukana. Kufika alasiri fundi viatu alikuwa amesikia kwa watu watatu kwamba mzee seremala anajitangaza kwa kazi za wenzake. Kesho yake akaja bwana mmoja aliyenunua kitanda hapa miaka kumi na miwili iliyopita, anauliza kwa adabu kabisa kama kweli Baba ndiye aliyekitengeneza. Kitanda cha miaka kumi na miwili, Profesa! Ameshazalia watoto wanne juu yake, na ndiyo kwanza anakitilia shaka.

Baba alivua aproni, akaitundika, akafunga mlango wa mbele. Mama alipomuuliza, alisema mwisho wa mwezi atamrudishia mwenye nyumba funguo za karakana, maana hana haja ya kumfungulia mlango mtu asiyemwamini. Alilisema taratibu kama mtu anayetaja bei ya misumari. Mama alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nilikuandikia ujumbe usiku uleule, nikijua utashtuka. Ukanijibu kwamba kila mtu anafanya hivyo, kwamba picha ni ya kumvutia mteja tu, akishafika ataona za kwetu. Nimelisoma jibu hilo mpaka nimelijua kwa moyo. Kila mtu nani? Mimi nimekaa mtaa huu maisha yangu yote. Fundi viatu hajatundika viatu vya mwenzake. Kinyozi hajabandika kichwa alichonyoa mwingine. Wewe uliyelipiwa ada kwa meza na viti, meza kwa meza, kiti kwa kiti, wewe ndiye umekosa haya mbele ya kazi ya mikono ya mtu! Na mahali fulani huko mbali yupo fundi amekaa na maumivu yake ya mgongo, amepinda mti ule mpaka ukakubali, na sisi tumelibandika jina letu juu yake kama muhuri wa posta. Nilipolifikiria hilo nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo, unanijua.

Siku tatu mlango wa mbele ulibaki umefungwa. Baba alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma. Nilisikia randa ikifanya kazi, nikadhani anamalizia viporo ili akabidhi pakiwa safi. Sikuthubutu kuuliza.

Jana Jumamosi asubuhi nilimkuta amesimama juu ya ngazi analishusha bango lako. Alilipindua kifudifudi, akachora mistari kwa penseli kama anavyochora mbao, kisha akaandika nyuma yake kwa brashi, herufi kubwa:

PICHA MLIZOZIONA KWENYE SIMU SI KAZI YETU. TUNAOMBA RADHI. KAZI YETU NI HII HAPA CHINI. KAA.

Akalirudisha juu ya mlango, upande wako mzuri ukitazama ukuta. Chini yake akaweka kiti.

Sitakudanganya kwamba watu walimiminika. Saa nzima ya kwanza walisoma tu na kupita, wengine wakicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha fundi viatu akainuka kwenye kigoda chake, akaja na sindano na kiatu chake mkononi, akakikalia kiti akaendelea kushona kana kwamba hakuna lililotokea. Nimemsamehe vipeperushi vyote. Baada yake alikaa mgonjwa wa duka la dawa, kisha bwana mwenye kitanda, aliyekuja kusema kwamba alipofika nyumbani aliinua godoro akaona maandishi ya penseli bado yapo, na aibu ikamshika.

Alasiri mama mwenye mgahawa akapita. Akasoma bango mara mbili, akakaa, akainuka, akakaa tena. Akataka kukinunua palepale. Baba akamwambia hicho kina mwenyewe, akampeleka ndani kumwonyesha vingine, akivipindua kimoja kimoja na kumsomea. Hakuchukua vinane. Amechukua viwili, avijaribu kwanza. Mimi naona ni haki yake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kazi yako. Funguo bado ziko mfukoni mwa Baba, na mwisho wa mwezi haujabadilika. Jioni alinieleza neno moja tu kuhusu habari hii yote.

"Yule fundi wa kwenye picha ni wa wapi?" aliniuliza. "Mgongo ule ameupinda vizuri. Mwambie mdogo wako amtafute, amwombe radhi. Akishaombwa, ndipo nami nitajua kama ninafungua au ninafunga."

Kwa hiyo ondoa zile picha leo, si kesho. Mahali pake andika maneno yaleyale yaliyo kwenye bango, usiyapambe. Kisha mtafute yule mtu. Wewe unayejua kuokota picha bila kuulizwa, hushindwi kujua ulikoziokota. Akikujibu kwa ukali, vumilia, unastahili. Jibu lake litume huku jinsi lilivyo, nitamsomea Baba mimi.

Kuhusu njia tisa zako za gharama nafuu, nimeongeza ya kumi kwa kalamu yangu pale dirishani: kuomba radhi. Hii haikutugharimu chochote ila aibu, nayo ilikuwa yetu.

Tulipokuwa tunaingiza vitu ndani jana, kile kiti cha nje nilikibeba mimi. Nikakipindua, kwa mazoea tu, nione safari hii mzee amekiri nini. Penseli ilikuwa mbichi bado. Ameandika jina lako lile la utotoni, ambalo hakuna anayekuita tena, na chini yake: "Kiti hakina kasoro. Mwenye kiti anayo moja. Inatengenezeka."

Hakijauzwa na hakitauzwa. Kitakaa mlangoni mpaka uje ukikalie.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichotuma kimemtosha Mama na kimebaki cha mto. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama, mama mdogo na fundi viatu wote wanakusalimu. Baba hajasema nikusalimie, lakini ameuliza mara mbili kama barua imekwisha. Mungu akuzidishie afya, na akuongoze mkono kabla hujagusa tena ukurasa ule.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,

Dada Mkubwa