Kibao cha "Tumefunga"

Jumamosi, tarehe 22. Asubuhi wingu zito juu ya Uluguru, mjini jua kali toka saa tatu. Mvua haikushuka.

Leo nimefunga duka saa tisa na nusu alasiri. Naliandika hili kwa sababu halijawahi kutokea tangu Baba afariki akaniachia vitambaa vyake. Timu ya taifa ilikuwa inacheza ugenini saa kumi, nami nilitaka kuiangalia pamoja na watu, si peke yangu nyuma ya kaunta.

Niseme ukweli. Sikufuata mpira tu.

Wiki jana mteja wangu wa khanga alinipa mkono. "Hongereni dada, jana mmeshinda!" Nikamuuliza tumeshinda nini. "Kriketi!" Alikuwa anaisema India. Kriketi sijui hata inavyohesabiwa. Mimi nilicheza netiboli, shuleni Kilakala, nikiwa mfungaji. India sijafika. Babu yangu alizaliwa hapa hapa Morogoro. Nikatabasamu, nikasema ahsante, maana alinitakia mema.

Ila ile "m" imenikaa moyoni wiki nzima. Mmeshinda. Kwenu. Wenzenu.

Natamani ile "tu".

Basi nikakata boksi, nikaandika kwa kalamu nene TUMEFUNGA, nikalitundika mlangoni, nikavuka barabara hadi mgahawa wenye runinga. Fundi Shomari, anayeshona kwenye baraza letu tangu nikiwa mtoto, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Dakika ya sabini, bado hakuna goli, umeme ukakatika. Tukamwagika wote nje, kila mtu anatafuta habari. Mara dereva mmoja wa bodaboda akatazama ng'ambo, akapiga kelele: "Tumefungaaa!"

Mtaa mzima ukaruka. Mama muuza karoti kutoka Mgeta akanikumbatia mpaka mtandio ukanidondoka. Nami nikaruka. Nilipiga kelele tumefunga, tumefunga, na hakuna aliyegeuka kuangalia ni nani anayesema.

Kisha mtu mmoja mwenye redio ya betri akatunyamazisha. Bado sifuri kwa sifuri.

"Sasa nani kasema goli?"

Dereva akanyoosha kidole kwenye mlango wangu. "Si pameandikwa pale!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Dada Nasrin bwana! Kumbe wewe umefunga duka, sisi tukajua tumefunga goli!"

Nilicheka pia. Lakini nilisikia. Wewe. Sisi.

Dakika ya mwisho, redioni, tukapigwa moja. Watu wakatawanyika kabla mtangazaji hajamaliza kusema. Hata yule dereva aliondoka bila kuaga.

Fundi Shomari akavuka kwenda kuingiza cherehani yake dukani, kama kila jioni. Nilikuwa namfungulia mlango aliposimama mbele ya kibao. Akakitazama kwa muda. Akatoa mfukoni chaki yake ya kuchorea nguo, akabana herufi moja katikati ya G na A.

TUMEFUNGWA.

"Sasa kinasema kweli, mwanangu. Usikitoe."

Nilitaka kumuuliza kama hiyo "tu" yake nami nimo. Swali kama hilo unaliulizaje? Nikamshikia upande wa pili wa cherehani, tukaiingiza.

Nilipotoka kufunga kufuli, yule dereva wa bodaboda alikuwa amerudi. Akapunguza mwendo, akasoma.

"Dah. Tumefungwa kweli, dada."

"Tumefungwa," nikamjibu.

Akaenda zake. Nikafunga kufuli.

Kibao nimekiacha. Kitakaa hapo mpaka Jumatatu nitakapofungua. Ile W ni ya chaki, itafutika kwa kitambaa kikavu, na mechi nyingine ipo. Natamani siku hiyo goli liingie kweli, mtu asome neno langu vilevile nilivyoliandika, anitazame usoni, na asicheke.

Saa nne na dakika kumi. Nazima taa.