Kaka, Kaburi la Zuhura Lifukie

Mwabungo, Ijumaa, baada ya swala

Kaka yangu Mbwana,

Shikamoo. Najua umeninunia, na najua simu yangu ukiiona unaigeuza kifudifudi. Basi salamu zangu zinakuja kwa karatasi, na karatasi huwezi kuikata. Mwaendeleaje huko Mkwiro? Mama kifua kimetulia? Wifi na watoto hawajambo? Huku mimi ni mzima wa mwili tu, roho imechanika. Zuhura yu hai. Nalitia neno hili mwanzo kabisa ili ukichoka kusoma uwe umeshalipata: mwanangu Zuhura yu hai, yuko hapa kando yangu, anakula embe kwa chumvi na kunichafulia leso.

Nataka nikueleze ilivyokuwa kwa kinywa changu, si kwa kinywa cha watu.

Kile chama kinachosaidia watoto wenye maradhi ya moyo, nilichokutajia, kilifanya mkusanyiko Jumapili asubuhi kwenye kiwanja cha nyasi kule Galu, karibu na nyumba ninayopika. Si mkutano wa viti na hotuba. Watu wananyoosha viungo, yoga wenyewe wanaita, kisha kila mmoja anatoa chakula alichokuja nacho, wanakula pamoja, na mwenye moyo anawachangia watoto. Nikaambiwa Zuhura aje aonekane. Nikamvalisha lile gauni la Idi. Mimi na jirani yangu Bi Mwanakombo na kina mama wengine tukakaa nyuma ya uzio tukitayarisha chakula. Kulikuwa na mbaazi za nazi, mahamri, viazi vya karai, na Wazungu walileta majani mabichi wakayaita chakula.

Nilikuwa nikichungulia. Watu wazima na vitambi vyao, wameinua mguu mmoja, wanayumba! Zuhura akawaiga, akaanguka, akacheka. Wallahi kaka, alicheka na pumzi haikumkatika. Nikamwambia Bi Mwanakombo, "Leo mwanangu ana nafuu."

Sasa mazoezi yale yana mwisho wake, na mwisho huo hakuna aliyetuambia. Wote hulala chali, macho wamefumba, mikono kando, kimya. Zuhura naye akalala, na usingizi ukamchukua kweli. Jua likawa linampiga usoni. Mwalimu wao, msichana wa bara aitwaye Njeri, akamhurumia, akachukua leso yangu akamfunika gubigubi. Alifanya kwa wema, simlaumu.

Bi Mwanakombo akatoka na sinia la mahamri. Akaona watu wamelala safu safu, hakuna anayetikisika, na katikati yao mtoto mgonjwa amenyooshwa, amefunikwa uso. Wewe ungedhani nini? Sinia likaenda chini. "Uwii! Zuhura! Inna lillahi!"

Nawe wajua kwetu kilio hakiulizwi. Mmoja akianza, wengine tunapokea. Kina mama wakatoka mbio, leso kichwani, wanalia. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Sikuona kitu, kaka. Nilisikia jina tu, nikaamini. Ule uzio sijui niliuvuka vipi, nikajitupa nyasini nikagaagaa.

Wageni wakashtuka, wengine wakakimbilia magari yao. Njeri anapiga kelele, "Mama, si amelala tu! Haki nilimfunika juu ya jua!" Nani wa kumsikia? Mpaka leso ikafunuka, Zuhura akaketi, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama, mnamlilia nani?"

Kumbe Bi Mwanakombo alishampigia mpwa wake huko Mkwiro, na mpwa wake akakimbilia kwako. Mimi sikujua. Daktari wa chama alikuwa pale pale, na yeye ndiye aliyeona midomo ya Zuhura imegeuka zambarau kwa ule mshtuko. Akatutia garini mpaka hospitali, akamsikiliza kifua, akampiga picha, akanikalisha.

"Mama Zuhura, huyu hawezi kungoja tena. Lazima apasuliwe, Nairobi."

"Atapona, daktari?"

"Siwezi kukuahidi."

Chama kimekubali kumpeleka, pamoja na vurugu lote tulilowafanyia. Tunaondoka Jumatatu.

Nilipopata akili ya kukupigia ilikuwa alasiri, na wewe hukuniamini. Hapo sikulaumu. Mtu akifa mbali si ndivyo tufanyavyo? Tunasema amezidiwa, njooni, ili watu wasianguke njiani. Ukadhani nakuficha. Ulipomsikia mwenyewe akikuita mjomba, msikitini kulishatangazwa, watu walishavuka kutoka Shimoni, na nyinyi mlishavunja mwamba kwa mtaimbo, mkachimba kaburi, mkachonga mpaka mwanandani wa kumlaza.

Ndipo nikakueleza maneno ya daktari, nawe ukaniambia lile neno. Nalirudia ujisikie mwenyewe: "Salma, kaburi tutaliacha wazi. Mwamba ule umetutoa jasho, na daktari mwenyewe hana uhakika." Ukalisema kama mtu anayepanga kuezeka banda! Nikakutukana, ukakata simu. Kwa matusi niwie radhi, wewe ni mkubwa wangu.

Lakini kaka, tangu babake Zuhura afariki, baba yake ni wewe. Najua umechoka, na najua kuna wanaokucheka kwamba ulichimbia upepo. Nitampelekaje mtoto kwenye kisu nami najua kwetu kuna shimo la kimo chake linamngoja? Kila nikifumba macho naliona. Nikimlisha naliona. Nikimvua nguo nimwogeshe, natazama urefu wake, naliona. Nitakuwa mwendawazimu, kaka, sitanii.

Amri ya Mungu siikatai. Akimtaka mja wake, hata kwa kucha zangu nitachimba. Ila asitukute tumeshamwandalia, kana kwamba tumemchoka.

Na siku ile simu ilikuwa na sauti kubwa, Zuhura akasikia. "Mjomba anachimba nini?" Ningemwambiaje? Nikamwambia, "Anakuchimbia shimo la mnazi, mnazi wako mwenyewe." Alivyofurahi! Tangu hapo hanipi raha. "Mwambie mjomba asipande mpaka nirudi, maji nitatia mimi." Basi shimo hilo nalo nakuomba, kaka, lichimbe kweli, mlangoni kwa Mama, na mche uuweke kivulini umngoje.

Nishikie Mama miguu, umwambie asikae tena mkekani kama mfiwa, arudi kitandani kwake. Wifi mwambie nilisikia alivyomlilia mwanangu, namshukuru. Maalimu nisalimie, ile dua aliyoitayarisha aigeuze, atuombee uzima. Barua hii anaileta Bi Mwanakombo mwenyewe. Anakuja kuwaomba radhi, hali wala halali. Msimfukuze, mpeni chai.

Kaka, lifukie kabla ya Jumatatu. Kama bado una hasira, usiseme nami hata neno. Piga simu tu, uiweke pembeni ya shimo, nisikie mchanga ukirudi.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Salma