Wanawake wa Ghala la Sufi

Jumatatu, 5 Machi 1951
Magunia ya sufi ya magodoro yameingia tena asubuhi. Wanawake sakafuni, wanatoa mbegu. Mimi mlangoni, nasimamia. Hivyo kila siku tangu Bwana Jivraj, mwenye ghala, anipe usimamizi. Hapa Chang'ombe sijasikia mwanamke mwingine aliyepewa kazi hii, tena Mbondei wa kuja. Najivunia. Humu daftarini sina haja ya kujificha.
Ila wanatoka nje ovyo. Huyu karudi, yule kanyanyuka. Bwana kaona. Kasema ni wavivu, niwakomeshe. Nimewatangazia: hakuna kutoka mpaka adhana ya adhuhuri. Hakuna aliyejibu. Nikadhani wamekubali.

Jumanne, 6 Machi
Mwajuma kaondoka. Ndiye hodari kuliko wote, na mdomo wake wembe. Kajitanda kanga, kanipita bila salamu. Nusu ya wenzake wakamfuata. Bwana Jivraj kafoka mbele ya wapagazi: ikifika Ijumaa hawajarudi, ataandika wengine, na msimamizi mwingine. Namchukia Mwajuma.

Jumatano, 7 Machi
Baada ya kazi nimekwenda Temeke, kwa Mwajuma. Njia nzima napanga maneno ya kumkaripia. Nikamkuta uani anakuna nazi. Akanitandikia mkeka, akaendelea kukuna. Maneno yangu yote yakayeyuka. Nikamwambia nimekuja kusikiliza.
"Kweli? Basi usinikatize."
Akasema mpaka nazi zikaisha. Nilitaka kumjibu, tena na tena. Nikauma midomo. Milango ya nyuma inafungwa ili upepo usipeperushe sufi, kwa hiyo vumbi lote linawaingia kifuani. Wanatoka kuvuta pumzi, basi. Bi Tatu, mkubwa wao kwa umri, anakohoa hata kazi inamshinda. Wenzake wanamjazia gunia lake asifukuzwe.
"Sie si wavivu, mama. Wewe unasimama mlangoni, penye hewa. Hujakaa nasi hata siku moja."
Imeniuma. Ni kweli. Nikamrudia niliyoyasikia, moja moja, nijue kama nimeelewa. Nikasema wanaomba kuonewa huruma. Akanisahihisha: hawaombi huruma, wanataka kuulizwa. Nikauliza lipi naweza kumfikishia Bwana. Yote, kasema, isipokuwa la Bi Tatu. Hilo nimwulize mwenyewe.

Alhamisi, 8 Machi
Nimekaa sakafuni na waliobaki, nimechambua. Kifua kinawasha, macho yanachuruzika machozi. Jioni Mwajuma na wenzake wakaja. Nimewaeleza wote kitisho cha Bwana, pamoja na kinachonihusu mimi. Sikuficha kitu. Wamenikasirikia, mmoja kalia. Afadhali kelele hizi kuliko kimya cha Jumatatu. Bi Tatu kakubali asemewe, mradi naye awepo.

Ijumaa, 9 Machi
Naandika upesi, mwandiko mbaya.
Tuliingia ofisini sote. Nilisema walivyoniambia, bila kupamba. Kisha nikampisha Mwajuma. Bwana Jivraj akamkatiza. Mwajuma akaanza upya. Akamkatiza tena.
"Bwana, niwie radhi," nikasema. "Naomba amalize."
Mimi! Nilijua kazi ndiyo imekwenda. Bwana akanitazama, akaketi. Mwajuma akamaliza, Bi Tatu akaongeza yake kwa sauti ndogo, akikohoa.
Bwana akaenda ghalani peke yake. Akakaa humo kitambo. Akarudi anapiga chafya, sufi imemjaa kwenye masharubu. Hatukucheka. Tulijikaza kwelikweli.
Kasema milango itafunguliwa, itatundikwa nyavu. Bi Tatu atashona magodoro barazani. Wote warudi. Sufi ikipotea, nitajibu mimi. Nimekubali. Lile neno la uvivu hakulifuta, wala sikutegemea.
Nimerudi nyumbani kichwa juu. Najivunia wale wanawake. Najivunia na nafsi yangu, kwa kufunga mdomo Jumatano na kuufungua leo.

Jumapili, 11 Machi
Nimetoka kanisani, nimepumzika kidogo. Mwajuma akapiga hodi, na kipande cha fenesi kwenye jani la mgomba. Tumekaa uani. Kanisimulia visa vya mama mkwe wake, kimoja baada ya kingine, mpaka kivuli kikapanda ukutani. Habari za ghala hazikutajwa. Tumekula kipande chote.
Vidole vyangu bado vinanata.